Kesi ya makoplo wa Alabama: ahadi za miaka 12, halafu mmoja kwa mmoja

Wengi wakiitaja kesi ya United States v. Paradise wanakumbuka kitu kimoja tu, kwamba mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu polisi wapandishwe vyeo kwa rangi, mweusi mmoja mzungu mmoja. Basi mjadala unawakia hapo hapo, huyu anasema ni haki, yule anasema ni ubaguzi dhidi ya wazungu, na hakuna anayejisumbua kufungua faili aone ile amri ilitoka wapi. Mimi nataka tulifungue faili, tena tulisome kwa tarehe zake, sababu ukilisoma hivyo unaona wazi kwamba ile kanuni mpya ya vyeo iliyowaudhi watu wengi haikuzuka tu kichwani mwa jaji. Idara ya polisi yenyewe ndo iliyoisababisha, kwa kuahidi na kutotekeleza, tena na tena, miaka nenda miaka rudi.

Kwanza tujue tunaongelea polisi gani. Alabama ina askari wake wa jimbo, wale wa doria za barabara kuu, wako chini ya Idara ya Usalama wa Umma. Hao ndo waliokuwa wamejipanga kwenye daraja la Edmund Pettus pale Selma tarehe 7 Machi 1965, wakawapiga kwa virungu na mabomu ya machozi watu waliokuwa wanaandamana kudai haki ya kupiga kura. Kwa hiyo mtu mweusi wa Alabama miaka ile akimwona askari wa jimbo anajua kabisa anamwona nani, na anajua pia kwamba ndani ya ile yunifomu hamna mtu wa kwao hata mmoja. Simaanishi wachache. Namaanisha hamna.

Januari 1972 NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, wakafungua kesi mahakama ya shirikisho mjini Montgomery. Serikali kuu ya Marekani ikaingia upande wa walalamikaji, na kijana mmoja mweusi, Phillip Paradise, akaingia kwa niaba yake na ya wenzake wote, ndo maana kesi mpaka leo inabeba jina lake. Jaji alikuwa Frank Johnson, yuleyule ambaye Machi 1965 aliruhusu maandamano ya kutoka Selma mpaka Montgomery yafanyike. Johnson alisikiliza ushahidi akaandika jambo fupi ambalo idara haikuweza kulikana: katika miaka 37 ya kikosi kile hakijawahi kuwa na askari mweusi, na weusi pekee waliowahi kuajiriwa na idara walikuwa vibarua wasio kwenye utumishi wa kudumu. Akasema ni uvunjaji wa Marekebisho ya 14 ya Katiba, yale yanayodai watu wote walindwe sawa na sheria, bila ubishi. Akaamuru kila idara ikiajiri mzungu mmoja iajiri na mweusi mmoja mpaka weusi wafike karibu asilimia 25 ya kikosi kizima, na akapiga marufuku ubaguzi kwenye mambo yote ya kazi, promosheni zikiwemo.

Hiyo asilimia 25 naomba uishike, itarudi. Ililingana na sehemu ya watu weusi kwenye soko la ajira ambalo idara ilikuwa inachukulia watu wake, haikubuniwa tu.

Sasa idara ilifanya nini? Ilikata rufaa, ikashindwa 1974. Mwaka huohuo walalamikaji wakarudi kwa Johnson wakamwambia jamani hawa wanapunguza ajira makusudi, wanakibana kikosi kisiongezeke ili weusi wasiingie, na hata wale wachache walioingia wanaondoka. Jaji akachunguza, na mwaka 1975 akasema ni kweli. Idara ilikuwa haiwachukui weusi waliofanya vizuri zaidi kwenye orodha za waombaji, kule chuo cha mafunzo kulikuwa na ubaguzi wa kijamii na wa kiofisi, wazungu wanapendelewa kwenye baadhi ya mafunzo na mitihani, na mweusi akikosea adhabu yake inakuwa kali kuliko ya mzungu aliyefanya kosa lilelile. Fikiria hapo, mtu unaambiwa na mahakama uajiri, unaajiri kweli, halafu unahakikisha uliyemwajiri hakai.

Huo ulikuwa mlango wa kuingilia. Twende kwenye vyeo sasa.

Kufikia Novemba 1978 idara ilikuwa na askari 232 wenye cheo cha koplo kwenda juu, na hamna mweusi hata mmoja. Miaka 6 na zaidi tangu amri. Walalamikaji walikuwa washapeleka ombi tangu Septemba 1977, na Februari 1979 pande mbili zikafikia makubaliano ambayo mahakama iliyapitisha yakawa amri. Idara ikakubali, yenyewe, kwa sahihi yake, kwamba ndani ya mwaka 1 itatengeneza utaratibu wa kupandisha watu kuwa koplo ambao hautawaumiza weusi, kisha ifanye hivyohivyo kwa masajenti, maluteni, makapteni na mameja. Kipimo kilikuwa miongozo ya serikali kuu ya mwaka 1978, ile ambayo ukitaka kuielewa haraka ni hivi: ukiona kundi moja linapita kwa kiwango kilicho chini ya asilimia 80 ya kiwango cha kundi linalopita zaidi, mtihani wako una walakini, utuoneshe kwamba kweli unapima kazi.

Siku 5 baada ya makubaliano kupitishwa, idara ikarudi mahakamani na swali. Eti ile asilimia 25 ya mwaka 1972 inahusu askari wa ngazi ya chini tu si ndiyo, vyeo vya juu havimo? Johnson akawajibu kwamba hapo hamna utata wowote, amri ilisema kikosi, haikutenganisha watu kwa vyeo, na kwamba mwaka 1972 hawakukutwa na hatia ya kubagua kwenye ajira za chini peke yake, walikutwa kwamba miaka 37 hapakuwa na mweusi kwenye cheo chochote. Mimi kila nikifika kwenye hilo swali lao nasimama kidogo. Mtu anayetaka kutekeleza ahadi hamalizi wiki kabla ya kuuliza kama anaweza kuipunguza.

Mwaka ukapita. Hamna utaratibu. Aprili 1981, zaidi ya mwaka baada ya muda kuisha, idara ikaja na mtihani wa koplo. Walalamikaji wakapinga wakisema haujathibitishwa kwamba unapima kazi ya koplo, ila Agosti 1981 wakakubaliana kwa makubaliano ya pili: haya, fanyeni mtihani, lakini matokeo yatakaguliwa kwanza tuone kama yanawaumiza weusi, na yakiwa hivyo promosheni hazitafuata hiyo orodha. Shika na hili pia. Kanuni ya kwamba orodha si ya mwisho ilikuwepo kabla mtu hajashika kalamu.

Oktoba 1981 mtihani ukafanyika. Waliofanya walikuwa 262, weusi 60, yaani asilimia 23. Matokeo yalipopangwa kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho, kwenye nusu ya juu walikuwemo weusi 5. Aliyefanya vizuri kuliko weusi wote alikuwa namba 80. Tupige hesabu wenyewe: nusu ya juu ni watu 131, toa 5 wanabaki 126, na wasio weusi jumla yao ni 202, kwa hiyo wao waliingia nusu ya juu kwa asilimia 62 hivi, weusi kwa asilimia 8. Ili kufikia kile kipimo cha asilimia 80 weusi walitakiwa wafike kama asilimia 50. Wako asilimia 8. Na idara ilisema inahitaji makoplo 8 mpaka 10 hapo hapo, na kwa jumla itapandisha 16 hadi 20 kabla ya kutengeneza orodha nyingine. Ukienda kwa orodha mpaka namba 20 unapata weusi wangapi? Sifuri. Ungelazimika kupandisha watu 79 ndo umguse mweusi wa kwanza.

Wizara ya Sheria ya Marekani ikapinga orodha isitumike hivyo, ikawaambia leteni pendekezo lingine. Hawakuleta. Miezi 9 ikapita, hamna pendekezo na hamna promosheni hata moja, ya mzungu wala ya mweusi. Hapo ndo watu huwa hawapaangalii: askari wazungu waliokuwa juu ya orodha nao walikuwa wanasota, na aliyekuwa anawasotesha ni mwajiri wao.

Aprili 1983 kina Paradise wakachoka. Wakaomba mahakama iamuru weusi wapandishwe kwa kasi ileile waliyoajiriwa nayo, mmoja kwa mmoja, mpaka idara ilete utaratibu unaokubalika. Idara ikapinga, huku yenyewe inakiri kwamba mtihani wake uliwaumiza weusi. Jaji sasa alikuwa Myron Thompson, aliyeteuliwa 1980, jaji wa pili mweusi wa shirikisho katika historia ya Alabama. Oktoba 28, 1983 Thompson akasema ukiacha kuwafungia watu nje moja kwa moja kwa sababu ya rangi, ni vigumu kufikiria utaratibu unaoweza kubagua kuliko huu. Akawapa mpaka Novemba 10 walete mpango wa kupandisha angalau watu 15.

Wakaleta: watu 15, weusi 4. Na wakaomba muda zaidi ili idara ya utumishi itengeneze utaratibu mzuri wa baadaye.

Hapa nataka tukae kidogo maana hapa ndo kesi ilipo. Mtu atakwambia 4 kati ya 15 ni karibu asilimia 27, hiyo ni zaidi ya asilimia 23 ya weusi waliofanya mtihani, sasa kina Paradise walikataa nini? Serikali kuu yenyewe haikupinga. Walikataa kwa sababu pendekezo lilikuwa la mara moja. Hamna tarehe ya utaratibu mpya, hamna kinachosema kitatokea nini promosheni zijazo, na hamna fidia yoyote ya miaka iliyopotea, ni lile ombi la muda lilelile la 1979 na la 1981. Ukipokea 4 leo kesho unarudi foleni. Watu walishaahidiwa mwaka 1 wakangoja karibu 5, sasa wanaambiwa subirini tena bila kuambiwa mpaka lini, ni nani angekubali?

Desemba 15, 1983 Thompson akatoa uamuzi, na kuna sehemu yake naiweka hapa kwa Kiswahili changu kwa sababu namba zenyewe zinaongea. Anasema Februari ijayo itatimia miaka 12 tangu mahakama hii ilaani ubaguzi wa idara hii. Kati ya mameja 6 bado hamna mweusi hata mmoja. Kati ya makapteni 25 bado hamna mweusi hata mmoja. Kati ya maluteni 35 bado hamna mweusi hata mmoja. Kati ya masajenti 65 bado hamna mweusi hata mmoja. Kati ya makoplo 66 weusi ni 4 tu. Halafu anamalizia kwamba ngazi ya juu ya idara bado imejaa watu ambao karibu wote walipata vyeo kwa taratibu zilizowafungia weusi nje kabisa.

Amri yenyewe sasa, isome polepole maana watu wanaikumbuka vibaya. Kwa muda, angalau nusu ya promosheni za koplo ziende kwa weusi, kama wapo weusi wenye sifa. Vyeo vya juu hivyohivyo, ila kwa masharti matatu kwa pamoja: wawepo weusi wenye sifa, cheo chenyewe kiwe na weusi chini ya asilimia 25, na idara iwe haijaleta utaratibu usiowaumiza weusi kwa cheo hicho. Ina maana ufunguo wa kuiondoa amri ulikuwa mfukoni mwa idara. Lete utaratibu mzuri, kota, yaani huo mgao wa nusu kwa weusi, inakufa. Na hamna aliyelazimishwa kupandisha mtu ambaye idara haimhitaji, idadi ilitoka kwenye mahitaji yao wenyewe.

Februari 1984 idara ikapandisha makoplo 16, weusi 8 na wazungu 8. Na miezi 4 baada ya hapo, ule utaratibu uliokuwa hauwezekani tangu 1979 ukaletwa mezani. Miezi 4! Mahakama ikauangalia, ikaruhusu idara ipandishe mpaka watu 13 kwa kuutumia, na ile ya mmoja kwa mmoja ikasimamishwa. Oktoba 1984 wakaleta wa masajenti, ukakubaliwa, kota ikasimamishwa na huko pia. Na ilipotokea idara inahitaji maluteni na makapteni wakati hamna mweusi aliyefikia sifa za vyeo hivyo, mahakama iliwaruhusu wapandishe wazungu peke yao. Kwa mimi hiki ndo kipande cha ushahidi kinachobeba kesi nzima kuliko nadharia zote za katiba zilizokuja kuandikwa baadaye. Kazi iliyoshindikana karibu miaka 5 kwa makubaliano ilifanyika kwa miezi michache pale kuchelewa kulipoanza kuwagharimu wao.

Basi idara na wale askari wazungu wakakata rufaa. Hawa askari walikuwa wanne, walikuwa wamefanya mtihani wakashika nafasi za juu, wakaingia kwenye kesi mwaka 1983 wakisema makubaliano yote mawili na hicho kinachoombwa ni kinyume cha katiba. Mahakama ikawaruhusu waingie kwa mambo ya kuanzia pale kwenda mbele tu, kwa yale ya 1979 na 1981 walikuwa wamechelewa. Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 11 ikakubaliana na Thompson mwaka 1985. Halafu kikatokea kitu kigumu kukimeza: serikali kuu ya Marekani, iliyoingia 1972 upande wa weusi, sasa chini ya utawala wa Reagan ndo ikawa inaipeleka kesi Mahakama ya Juu ili amri ifutwe.

Kesi ikasikilizwa Novemba 12, 1986, hukumu ikatoka Februari 25, 1987. Majaji watano kwa wanne, amri ikabaki.

Jaji William Brennan ndo aliandika, na nyuma yake Marshall, Blackmun na Powell, kwa hiyo ni wanne kati ya tisa, si wengi kamili. Brennan alisema hata tukiipima amri kwa kipimo kikali kuliko vyote inapita. Akaangalia kama kulikuwa na njia nyingine iliyofaa, kama amri inanyumbulika na ina mwisho, kama namba zake zinalingana na soko la ajira, na inawaumiza vipi watu wengine. Kuhusu ile hoja kwamba nusu ni zaidi ya robo, jibu lake lilikuwa kwamba lengo ni 25, ile 50 ni kasi tu ya kufika. Tuipime: makoplo 66 weusi 4, ongeza watu 16. Ukienda kwa robo unapata weusi 4 wapya, jumla 8 kati ya 82, hata asilimia 10 hujafika. Ukienda kwa nusu unapata 12 kati ya 82, karibu asilimia 15, na bado uko mbali na 25. Hesabu hii ni ya kukadiria, inachukulia hamna aliyeondoka wala kupanda zaidi, ila inaonesha kwamba hata hiyo kasi iliyoitwa kali haikuwa inaruka mbali.

Kura ya tano ilikuwa ya Stevens, na yeye alienda njia yake. Alisema hapa tuna mwajiri wa serikali aliyethibitika kuvunja katiba, na jaji anayerekebisha uvunjaji uliothibitishwa ana nafasi pana, kama ilivyokuwa kwenye kesi za shule zilizotenganisha watoto kwa rangi, hatakiwi kubanwa kwa kipimo kile kikali.

Sandra Day O'Connor ndo aliyeandika upande wa pili, akiungwa mkono na Rehnquist na Scalia, na White akapinga kivyake kwa maneno machache kwamba jaji alivuka mamlaka yake. Sasa O'Connor usimpuuze. Hakusema idara haina hatia, alikubali wazi kwamba ubaguzi wao ulikuwa umeenea, wa kimfumo na wa ukaidi. Alichosema ni kwamba hata dhidi ya mkaidi jaji lazima aoneshe alijaribu kufikiria njia isiyogusa rangi za watu kabla ya kwenda kwenye kota, na Thompson hakuonesha. Akataja mbili: teua msimamizi wa mahakama aandae utaratibu wa promosheni badala ya idara, au ipige idara faini nzito za kudharau mahakama.

Hoja ya msimamizi mimi naiona ina nguvu kweli. Kama tatizo ni kwamba idara haiandiki utaratibu, mpe mtu mwingine auandike. Lakini idara ilikuwa inataka makoplo sasa hivi, na msimamizi angehitaji muda wa kuandaa mtihani, kuuthibitisha, kuufanyisha, kuukagua, na muda wote huo ama usipandishe mtu yeyote ama upandishe kwa njia ya mpito, na njia ya mpito ndo swali lilelile tulilonalo. Faini nayo, Brennan alikumbusha kwamba idara ilikuwa imeshalipishwa gharama za mawakili wa walalamikaji miaka yote hiyo na haikubadilika. Na mimi naongeza, faini kwa idara ya serikali inalipwa na mlipakodi, akiwemo yule mweusi aliyenyimwa cheo, bosi aliyekuwa anachelewesha hatoi hata senti yake.

Ila wale askari wanne nao wanastahili kusikilizwa bila kubezwa. Hawakuweka wao sera za 1935, kikosi kilipoanza, wala za 1972. Walisoma, walikaa kwenye chumba cha mtihani, wakapata maksi, wakaona majina yao juu, halafu vyeo vikagawanywa kwa njia nyingine. Mtu akisema ameumia ameumia. Nachokataa ni ile kauli kwamba kanuni zilibadilishwa katikati ya safari. Kanuni ya kukagua matokeo ilikuwa kwenye amri ya mahakama miezi miwili kabla ya mtihani, mwajiri wao aliijua maana ndo aliyeitia sahihi. Kama hakuwaeleza askari wake, au aliwaacha waamini kwamba namba 1 anapanda kama zamani, deni hilo ni lake. Na walichopoteza si kazi, mahakama ilitofautisha jambo hili na kesi ya walimu wa Jackson, Michigan, ya mwaka 1986, ambako wazungu walipunguzwa kazini huku weusi wa muda mfupi zaidi wakibaki, na hiyo ilikataliwa. Hapa nusu ya vyeo bado ilikuwa ya wazungu, na aliyekosa Februari alikuwa na nafasi ya kushindana tena.

Watu huwa wanauliza kama Paradise inaweza kusimama leo, na hapo wanaleta kesi ya wazimamoto wa New Haven, Ricci v. DeStefano ya 2009. Zinafanana juujuu. Kule New Haven mwaka 2003 watu 118 walifanya mitihani ya kupanda kuwa luteni na kapteni, matokeo yakaonesha hamna mweusi angepanda kwa nafasi zilizokuwa wazi wakati ule, mji ukaogopa kushtakiwa na weusi ukaitupa mitihani yote. Waliofaulu wakashtaki wakashinda, nao tano kwa nne. Lakini angalia tofauti: New Haven hakukuwa na hukumu ya ubaguzi dhidi ya idara, hakukuwa na makubaliano yanayosema matokeo yatakaguliwa, mji ulibadili mawazo baada ya kuona majina. Alabama kulikuwa na hukumu ya 1972, ya 1975, makubaliano ya 1979, ya 1981, na mwajiri aliyekiri mtihani wake una kasoro. Anayeichukua Ricci kuifuta Paradise anafananisha mwajiri aliyeogopa kesi na mwajiri aliyeshindwa kesi.

Kitu kilichobadilika kweli ni nafasi ya watu wa tatu, kama wale askari wanne. Mwaka 1989, kwenye kesi ya wazimamoto wazungu wa Birmingham, hukohuko Alabama, Martin v. Wilks, Mahakama ya Juu ilisema mtu ambaye hakuwa sehemu ya makubaliano anaweza kuyashambulia baadaye. Bunge likajibu kwa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1991: kama ulipewa taarifa kwamba amri inakuja na inaweza kukugusa, ukapata nafasi ya kupinga ukakaa kimya, huwezi kuja kuipinga baadaye. Sheria hiyohiyo ikakataza pia kuongeza au kupunguza maksi za mtihani kwa kufuata rangi. Kwa hiyo siku hizi idara inayotia sahihi makubaliano kama yale ya 1979, ikitaka askari wake wasije kuyashambulia baadaye, inabidi wawe wameambiwa mapema, kabla mahakama haijayapitisha, kwamba amri inakuja na inaweza kuwagusa.